Mioyo 412 na saini moja

Assalaam alaykum Bi Nasaha,

Mimi ni daktari, mwanamke wa miaka 32, nafanya kazi katika hospitali moja ya hapa Pemba. Jina langu lifiche, na hospitali usiitaje. Kisiwa hiki watu wanajuana hata kwa kikohozi.

Miaka mitatu nyuma tuliletewa mashine ya altrasaundi yenye probu ya moyo, kile kidude kinachopitishwa kifuani ili moyo uonekane kwenye kioo. Akaja daktari mgeni, akatufundisha wiki mbili, akaenda zake. Wenzangu waliiogopa ile mashine, mimi nikaipenda. Nikawa nabaki baada ya zamu, nampaka jeli mama mmoja wa usafi (kwa ridhaa yake, tena tukicheka) na kuzitafuta vali nne za moyo wake, ile milango inayopitisha damu, mpaka nizipate zote. Leo mgonjwa yeyote aliyebanwa na kifua au kuvimba miguu huletwa kwangu. Wodini wananiita Dokta Moyo. Nina daftari la jalada la buluu, na kila niliyempima nimemwandika humo: tarehe, umri, nilichokiona. Mwezi uliopita nilikaa nikahesabu. Mioyo 412.

Katika hao yumo mtoto wa kike wa miaka 11 kutoka Micheweni. Mama yake alisema maumivu ya viungo yanamhamahama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, na sasa hawezi hata kukimbizana na wenziwe. Nilipoweka probu nikaona jani la vali ya mitrali limenenepa na limepinda kama kiwiko, na rangi ya dopla, inayoonesha damu inaelekea wapi, ikionesha inarudi ilikotoka. Tulimpeleka Dar, wakathibitisha kuwa ni moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Sasa anapigwa sindano ya penisilini kila wiki 4.

Lakini yumo na mzee mmoja, mkwezi wa mikarafuu. Niliona utando mweusi mbele ya moyo, nikaandika kuwa maji yameuzunguka moyo. Jamaa zake wakauza ng'ombe, wakampandisha boti hadi Unguja, kisha Dar. Kule wakaambiwa ni mafuta tu, ambayo watu wengi wanayo. Mwanawe aliporudi alinifuata kwa upole kabisa, akaniambia: "Alhamdulillahi, Dokta, si maji." Hakunilaumu hata kidogo, na mimi tangu siku ile silali vizuri.

Hapo nikaamua kuwa lazima nipate cheti. Nikaperuzi, nikaikuta bodi ya Marekani inayoitwa NBE, ina mtihani wa eko, yaani kipimo hicho cha moyo kwa altrasaundi, unaoitwa ASCeXAM, na daktari yeyote mwenye leseni anaweza kuufanya. Nikasoma masharti ya cheti: mafunzo ya miezi 6, vipimo 150 ulivyofanya kwa mkono wako, na 300 ulivyovisoma. Bi Nasaha, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani! Nikaendelea kusoma, nikafika pahala panapotakiwa barua ya mkuu wa mafunzo anayeshuhudia kuwa ulijifunza chini yake.

Mkuu wetu wa kitengo ni bingwa wa upasuaji, mtu mwema, ananichukulia kama mwanawe. Eko hajui. Nilipomweleza alisema: "Wewe iandike hiyo barua, mimi nitatia saini. Nani atakuja Pemba kuuliza?"

Wakati huohuo nimepata ufadhili wa kwenda MUHAS, chuo kikuu cha afya kilichoko Dar, kusomea MMed, shahada ya udaktari bingwa, ya miaka 3. Nimeambiwa nichague magonjwa ya ndani au radiolojia, na jibu linatakiwa ndani ya wiki sita. Mama yangu yuko Wete, ana sukari, na mguu mmoja una kidonda kisichofunga. Mtoto wangu ana miaka 4. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, nikimuuliza ananijibu "Wewe amua", na neno hilo linanichoma kuliko angenikatalia.

Pesa niliyonayo ni sehemu yangu ya karafuu za marehemu baba. Inatosha ada ya mtihani na safari yake, au inatosha kuanzia maisha Dar, si vyote viwili. Rafiki yangu aliyeko Ghuba ananiambia karatasi ya Marekani ndiyo inayofungua milango huko, na mshahara wake sikwambii. Siwezi kusema sijatamani.

Nifanye mtihani na nikubali ile saini? Niende Dar nimuache mama? Au nibaki na probu yangu bila karatasi, kama nilivyo?

Dokta Moyo, Pemba


Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Kabla ya kukalia kiti hiki mimi nilikuwa muuguzi, kwa hiyo hilo la kubaki baada ya zamu nalijua linavyochosha miguu, na nalijua linavyofurahisha. Mambo ya vyeti vya eko lakini si fani yangu. Nilimsomea barua yako daktari kijana wa moyo ninayemfahamu, bila kumwambia inatoka wapi, na mengi ya kitaalamu utakayoyaona hapa ni yake.

Unaniuliza habari ya cheti. Mimi naona umefunga mambo matatu katika pindo moja la leso: karatasi, mama, na yule mzee mkwezi. Nianze na karatasi, maana ndiyo nyepesi.

Mtihani ule na cheti kile ni vitu viwili. Ni kweli daktari mwenye leseni anaweza kuingia kwenye ASCeXAM. Akifaulu, naye hana sifa nyengine, NBE wanamwita "testamur", yaani mtu aliyeshinda mtihani, basi. Hajawa mwenye cheti. Cheti kamili kinataka leseni, ubingwa uliothibitishwa, mafunzo ya magonjwa ya moyo, halafu ndiyo hayo mafunzo ya eko ya miezi 6, 150 kwa mkono na 300 kusoma. Huko kwao daktari anasoma magonjwa ya ndani miaka 3, kisha moyo miaka mengine 3, na hiyo miezi 6 ya eko imo ndani ya hiyo miaka mitatu ya mwisho. Wewe uliyaona 150 na 300 ukapiga kigelegele, na mimi ningekuwa wewe ningepiga. Lakini zitazame zile sifa za juu yake. Huna ubingwa bado. Kwa hiyo hata mkuu wako akitia saini leo hii, barua yake haikupi cheti. Utakuwa umelipa, umefaulu inshaallah, na umeweka uongo kwenye faili kwa ajili ya mlango ambao ungebaki umefungwa vilevile.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini wanahesabu vipimo, si wapime akili tu kwenye mtihani? Akanipa mfano wa fani jirani na eko. Daktari anayetaka kusimamia picha za moyo zinazopigwa kwa dawa yenye mionzi, kwa kanuni za Marekani anatakiwa awe na saa 700 za mafunzo na kazi, 80 kati yake darasani au maabara. Hapo sababu inajulikana, mionzi si kitu cha kuchezea. Eko haina mionzi. Ungeweza kumpaka jeli yule mama wa usafi kila siku na asipate dhara lolote. Hatari ya eko yote iko kwenye jicho la anayesoma, na jicho halijirekebishi lenyewe, lazima pawe na mtu pembeni wa kusema "rudia hapo".

Hicho ndicho wanachokiulizia kwenye ile barua. Bwana harusi anaweza kuwa amempenda bibi harusi miaka kumi, mahari iko mfukoni, biriani limeiva, na pasipo mashahidi ndoa haikufungwa. Hakuna anayesema hampendi. Na wewe hakuna anayesema hujui. Katika mioyo yako 412, mwanangu, mingapi ilitazamwa na jicho la pili? Kutokana na barua yako mimi nimeihesabu miwili: mtoto wa Micheweni na yule mzee. Mmoja ulipata, mmoja ulikosa. Hiyo 410 iliyobaki pengine uliisoma sawa yote. Ila hujui, na nadhani hapo ndipo unapokosea usingizi.

Sasa yule mzee. Kijana wangu alipofika kwenye mafuta na maji alicheka, lakini si kwa furaha. Akasema ule ni mtego unaojulikana. Mafuta hukaa mbele ya moyo peke yake, yana ukungukungu wa kijivu, na yanakwenda pamoja na moyo ukipiga. Maji, mgonjwa akiwa amelala, aghalabu huanza kujikusanya nyuma, tena ni meusi tii. Kisha akaniambia: "Na mimi yalinikuta, Bi, mwaka wa kwanza. Nikaandika maji. Mwalimu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, akaifuta sentensi kabla karatasi haijatoka chumbani." Kosa ni lilelile. Kwake lilikula nusu mstari wa wino, kwako likala ng'ombe, kwa kuwa nyuma ya kiti chako hapakuwa na mtu. Hukujiweka hapo peke yako, uliachiwa mashine baada ya wiki mbili.

Ila nikuulize, na usinijibu haraka: cheti hiki unakitafutia wagonjwa watakaokuja, au unamtafutia yule mzee? Kama ni yeye, cheti cha nchi yoyote hakitomrudishia ng'ombe wake. Hukuniambia kama umekwenda kumuona. Labda umekwenda. Kama bado, hilo halina ada wala fomu, ingawa najua miguu yako itakuwa mizito siku hiyo.

Nirudi kwa mkuu wako na saini yake. Simsemi vibaya. Ametoa alichonacho, kama mzazi anayetaka mtoto avuke. "Nani atakuja Pemba kuuliza?" Pengine hatokuja mtu. Lakini barua ya aina hiyo hulala faili miaka, na huamka siku ambayo mgonjwa ameumia na jamaa zake wamepata wakili. Siku hiyo hatoulizwa aliyefanya mtihani peke yake, ataulizwa na bingwa wa upasuaji aliyeshuhudia eko asiyoijua, na baraza linalowasajili nyote wawili litakuwa na maswali. Unaweza kumwambia "ahsante, baba, hii sitoiweza" na akabaki kuwa baba. Wewe ndiye unayemjua.

Kuna njia ya Ulaya ambayo hukuitaja. EACVI, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa picha za moyo, ina cheti cha eko ya kifuani, na mlango wake ni mpana kidogo kuliko wa Marekani. Unafanya mtihani wa nadharia, kisha unapeleka kumbukumbu za wagonjwa 250 wenye maradhi mchanganyiko, zilizokusanywa ndani ya muda uliowekwa, na msimamizi wako anathibitisha. Unakitumia miaka 5, kisha unakihuisha. Wenyewe wanasema si leseni ya kutibu, kwa hiyo rafiki yako wa Ghuba asikihesabu kuwa ni viza. Na daftari lako la buluu, samahani kwa hili, halitohesabiwa kama lilivyo. Maandishi bila picha zilizohifadhiwa hayamsaidii msimamizi. Ungeanza kuhesabu upya kutoka mmoja.

Unaona lakini kwamba na huko tumerudi kwa shahidi. Sasa, yupo nani? Madaktari wa moyo wanapokuja kambi za matibabu Pemba, je, umewahi kukaa na mmoja wao ukamuomba awe jicho lako la pili, kwa miezi, si kwa siku ya kambi? Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar tangu 2015, na mtoto wako wa Micheweni wamemuona watu wa huko Dar, kwa hiyo jina la mtu mmoja angalau unalo kwenye karatasi ya rufaa. Njia hii ina miiba yake. Mashine yako inahifadhi picha zinazotembea, au unapiga picha kioo kwa simu? Ukipeleka picha kwa WhatsApp na jina la mgonjwa limo pembeni, umemtoa mgonjwa wako barazani bila ridhaa yake. Na msimamizi wa mbali anaweza kuanza na bidii, ikifika mwezi wa tatu akawa hajibu. Hata akijibu kila siku, kuna mambo ya mkono ambayo hayaonekani kwenye picha, itabidi ukae naye chumba kimoja wiki kadhaa. Pesa ya karafuu ingetosha wiki kadhaa? Wewe ndiye mwenye hesabu.

Halafu MUHAS. Umeandika "magonjwa ya ndani au radiolojia" kama mtu anayechagua kati ya boti ya asubuhi na ya mchana. Hizo ni bandari mbili. Ukienda radiolojia utapata CT, MRI, eksirei, mwili mzima, na eko ya moyo kwa kawaida utaikuta mikononi mwa madaktari wa moyo. Ukienda magonjwa ya ndani, picha itakuwa sehemu ya kazi, na baada ya miaka 3 hiyo utahitaji miaka mengine ya moyo wenyewe kabla hujaitwa bingwa wa moyo. Yule kijana alitaka nikuulize unachokipenda ni moyo au ni picha. Mimi niliona kitu kwenye barua yako: ulipomtaja mtoto wa Micheweni ulieleza vali iliyopinda kama kiwiko (sentensi hiyo niliisoma kwa sauti), na hukutua mpaka ulipoitaja sindano yake ya kila wiki 4. Mtu mwengine angeishia kwenye kiwiko. Huenda hilo lina maana, huenda nimesoma zaidi ya ulichoandika.

Ukienda, jua utakachokiacha. Mashine itafunikwa kitambaa, na mgonjwa wa miguu kuvimba atarudi kupanda boti kwa kubahatisha. Katika wale wenzako walioiogopa, hakuna hata mmoja anayeweza kuzoeshwa angalau kutambua moyo uliochoka na maji ya kweli kabla hujaondoka? Wiki sita ni kidogo, si sifuri. Usome na mkataba wa ufadhili mpaka maandishi madogo: utarudi kutumikia miaka mingapi, wapi, na ukikatisha masomo kwa sababu ya mzazi mgonjwa utadaiwa nini. Uliza pia, kwa maandishi, kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka mmoja. Watu wengi hudhani haisogezwi kwa sababu hawakuuliza. Wapo pia waliosogeza mwaka, mwaka ukazaa mwaka, na hawakwenda tena. Yote mawili nimeyaona kwa wauguzi wangu.

Nimefika kwa mama.

Barua yako imejaa sauti za watu. Mkuu wa kitengo amesema, mume amesema, rafiki wa Ghuba amesema, hata mtoto wa yule mzee nimemsikia, na upole wake nimeusikia. Mama yako peke yake hajatamka neno. Nimeambiwa sukari yake na kidonda chake, kama anavyoandikwa mgonjwa kwenye faili. Anajua kuwa una ufadhili? Mara nyingine sisi watoto huwa tumeshawajibia wazazi wetu kabla hatujawauliza, kwa kuogopa jibu. Na jibu la kuogopwa si lazima liwe "usiende". Lile la "nenda, mwanangu" nalo ni zito, maana likitamkwa huna tena wa kumsingizia. Sijui atakwambia nini. Kidonda cha sukari nakijua, kinataka mtu wa kukisafisha na kukitazama kila siku. Kabla ya kusema unamuacha au humuachi, tafuta nani angeshika kazi hiyo: dada, mke wa kaka, jirani aliye muuguzi, na kama mtu huyo naye ana watoto na shamba. Kama hakuna, hilo nalo ni jibu zito.

"Wewe amua" ya mume wako nimeigeuza huku na huku. Wewe umeisikia kama amenawa mikono. Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa ni mwalimu wa skuli anayemuona mkewe akipanda, anaogopa akisema "baki" atalaumiwa maisha, na akisema "nenda" atalala peke yake na mtoto wa miaka 4 anayeuliza mama yuko wapi. Jaribu kubadilisha swali. Usimuulize nifanyeje. Muulize Jumatatu ya kwanza mimi niko Dar, nani anamvisha mtoto, wewe unakula nini. Wanaume wetu wengine kwenye maswali madogo ndiko wanakofunguka.

Ya Ghuba nitayapita upesi. Kutamani mshahara si dhambi, na anayekwambia daktari asifikirie pesa mara nyingi yeye amelipwa vizuri.

Kubaki na probu bila karatasi ulikuweka mwisho, kama ndiyo kushindwa. Mimi sikuoni umeshindwa. Naona mtu aliyesimama peke yake katika chumba chenye giza, akiangaza kioo. Unaweza kubaki Pemba na usiwe peke yako, na unaweza kwenda Dar ukawa peke yako zaidi. Kama utabaki, hata kwa mwaka mmoja huu, kila karatasi inayotoka chumbani mwako ingeweza kuandikwa "kipimo cha awali, kithibitishwe". Heshima ya Dokta Moyo itapungua kidogo machoni mwa watu. Ng'ombe pengine watapungua kuuzwa.

Daftari la buluu usilitupe. Lipigie mstari pembeni, uongeze safu moja: nani mwengine ameangalia, na amesema nini. Niandikie ikishaingia majina matano, na uniambie mama amesema nini. Na yule mtoto wa Micheweni, sindano yake ya mwezi huu ameshapigwa?

Bi Nasaha